Nailoni ya Lugano

Injinia Sedekia hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Lugano. Angefokewa angejua la kufanya: angeinamisha kichwa, angengoja hasira zipite, kisha angerudi kwenye spana zake. Lakini mkuu wake alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai.

"Kaka Lugano, naomba muhuri wako."

Walikuwa ndani ya hanga la ndege, nje kidogo ya jiji la Mbeya, na mvua ya Machi ilikuwa inayapiga mabati kwa nguvu kiasi cha kumruhusu kila mtu kujifanya hajasikia. Wote walisikia. Rubani Philbert alisikia, akaanza kufunga na kufungua zipu ya koti lake. Mlinzi wa mlangoni alisikia, akageuka kutazama mvua. Lugano aliingiza mkono mfukoni akatoa kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kimfuko kingine, nacho kina fundo lake. Ndani ya hicho cha pili ndimo ulimokuwa muhuri, mkavu na safi kama siku alipokabidhiwa. Kufungua mafundo mbele ya watu wanaokungoja si kazi ndogo, na siku hiyo vidole vyake viligoma kabisa; akaukabidhi na mifuko yake.

Bila muhuri, fundi wa ndege ni mtu aliyevaa ovaroli tu. Anaweza kufungua nati mia na kuzifunga zote, lakini ndege haitaruka kwa neno lake. Lugano alikuwa ameugonga muhuri ule kwa miaka kumi na sita.

"Ni kwa muda," Sedekia alisema. "Jumatano ijayo anakuja injinia mwingine kutoka Dar. Atakachokisema ndicho tutakachofuata. Kwa sasa wewe utasaidia abiria."

"Kuwasaidia nini, Injinia?"

Sedekia alitazama nje. "Mvua hizi. Mwavuli."

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo kwa umbo. Kampuni ilikuwa na ndege mbili, na ile kubwa kidogo ilikuwa na injini ya silinda sita. Kila silinda ina sensa ya joto, kijiti kisichozidi kidole cha mwisho, kinachopeleka habari kwa waya hadi kwenye geji mbele ya rubani. Pale waya wa sensa unapokutana na waya wa ndege pana soketi. Soketi ya namba nne ndiyo iliyokuwa na visa. Jua likiwaka, sindano ya namba nne ilitulia sawa na wenzake. Ndege ikiingia mvuani, sindano ilipanda hadi kwenye nyekundu, ikaanguka hadi sifuri, ikaanza kucheza. Ndege ikishuka, Lugano akikagua, injini nzima, sensa nzima, hakuna kitu.

Lakini rubani aliye ndani ya wingu juu ya milima ya Mufindi hana namna ya kujua kama ni sindano inayodanganya au ni silinda inayopasuka kweli. Anageuza. Mwezi ule Philbert alikuwa amegeuza mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, akiwa amembeba daktari wa macho kutoka Iringa. Akarudi naye Iringa, wakalala huko, wakaja Jumanne asubuhi kukiwa kweupe. Wazee kumi na mmoja walikuwa wamemngoja yule daktari Mbeya siku nzima.

Na kila mara Lugano alifanya alichokiamini. Baada ya mara ya kwanza aliizungushia soketi ile tepu, raundi nne. Baada ya mara ya pili aliongeza raba ya tyubu ya baiskeli, kama bodaboda wa Mwanjelwa wanavyofunga plagi zao masika, na juu ya raba akaweka nailoni, na juu ya nailoni tepu tena. Sedekia mwenyewe alikuja kuitazama, akasema, "Hapo umefunga kweli kweli." Kauli hiyo siku ya muhuri hakuna aliyeikumbuka ila Lugano, naye hakuwa mtu wa kumkumbusha mkubwa maneno yake.

*

Nyumba ya Lugano na mkewe ilikuwa nyuma ya soko la Mwanjelwa, vyumba vitatu na sebule. Mgeni akiingia sebuleni mara ya kwanza hudhani amefika dukani. Makochi matatu, yaliyonunuliwa miaka miwili iliyopita, yalikuwa bado yamevaa nailoni ya kiwandani. Rimoti ilikuwa ndani ya nailoni. Kitabu cha nyimbo za kanisani kilikuwa ndani ya nailoni, na redio, na picha ya Pendo, binti yao aliyekuwa chuoni Iringa, siku ya mahafali ya kidato cha sita. Hayo yote yalikuwa kazi ya Lugano. Alizaliwa Rungwe, ambako mvua hunyesha mtu akasahau lini ilianza, na alikua akiona vitu vikioza. Kitu kizuri alikionyesha mapenzi kwa kukifunga.

Mkewe, Eveline, mshonaji wa sare za shule pale sokoni, alikuwa na vita ya miaka miwili na makochi yale. Alikuwa anashindwa.

Jumanne ile jioni Lugano aliingia, akaweka funguo mezani, akaenda kunawa. Eveline alitazama meza. Kila siku funguo ziliwekwa pamoja na kimfuko.

"Baba Pendo, muhuri uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Kazini."

"Tangu lini muhuri unalala kazini?"

Lugano akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji. Kisha akaeleza yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi pale pale sebuleni. Bibi Tupokigwe alikuwa amekuja kutoka Rungwe tangu Januari kutibiwa magoti. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Na siku zote hizi mpaka huyo wa Dar aje, wewe utakuwa unafanya nini?" Eveline aliuliza.

"Nashika mwavuli."

"Unashika nini?"

"Mwavuli, Mama Pendo. Abiria wasilowe."

Eveline alitaka kucheka na alitaka kulia. Alimjua mumewe. Mtu huyu akisikia ndege inapita juu ya soko husimama katikati ya watu, akaisikiliza mpaka iishe, kisha akasema, "Ni ya kwetu hiyo. Iko vizuri." Leo hii amepewa mwavuli.

"Basi ushike vizuri," alisema mwishowe, akamwekea ugali.

"Lugano," Bibi Tupokigwe aliita kutoka kwenye kochi lake. "Hii nailoni yako inanishika mapajani. Nikiinuka inapiga kelele, wajukuu wa jirani wananicheka."

"Mama, inalinda kochi."

"Inalilinda na nani? Na mimi?"

*

Alhamisi mvua ilianza asubuhi na mapema. Lugano alisimama mlangoni mwa chumba cha abiria akiwa na ovaroli yake ya bluu na mwavuli mkubwa wenye tangazo la rangi za nyumba. Aliwavusha abiria mmoja mmoja hadi kwenye ile ndege ndogo, kwa maana ile ya namba nne ilikuwa imefungiwa hangani. Aligundua mapema kwamba mshika mwavuli halindwi na mwavuli wake. Maji yalimtiririka kutoka kiganjani, yakashuka ndani ya mkono wa ovaroli hadi kwenye kiwiko, na pale kiwikoni yakadondoka. Kwapa likabaki kavu. Jambo hilo aliliona bila kulifikiria, kwa kuwa alichokuwa anakifikiria ni aibu.

Wa mwisho alikuwa Daktari Violet, yule daktari wa macho, mwenye begi dogo na miwani iliyolowa.

"Hii ndiyo ile ya sindano?" aliuliza.

"Hapana, Daktari. Hii ni nyingine. Ile iko ndani."

"Na fundi wa ile ni nani?"

Lugano angeweza kunyamaza. "Ni mimi," alisema.

Daktari alimtazama yeye, akautazama mwavuli. Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na alikuwa na mtu wa kumsemea.

"Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Ng'washi. Ametoka Usangu, mjukuu wake kamleta kwa pikipiki. Amekaa na njaa siku nzima akinisubiri. Nilipofika siku ya pili, ameshaondoka. Anadhani nilimdanganya."

"Pole sana, Daktari."

"Pole mpe yeye." Kisha akashusha pumzi. "Nisaidie tu mpaka barabarani. Nitarudi Iringa kwa basi."

Lugano akamsindikiza na mwavuli, wakapita mbele ya dirisha la ofisi, mbele ya mlinzi, mbele ya Philbert aliyekuwa anapangusa kioo cha ndege kwa kitambaa ingawa mvua ilikuwa inakiosha tayari. Ni mita mia mbili kutoka pale hadi barabarani. Lugano alizihesabu zote kwa miguu, na hakuna hata moja aliyoisahau.

*

Jumamosi ilikuwa zamu ya Eveline kupokea akina mama wa jumuiya. Walikuja kumi na watatu, wameacha miavuli barazani, wakajipanga kwenye makochi na viti vya plastiki. Bibi Tupokigwe alipewa kochi la katikati kwa heshima ya umri wake. Kulikuwa na baridi. Akafunikwa blanketi zito miguuni, akapewa chai ya tangawizi, akaongezewa nyingine. Sala zilikwenda, nyimbo zilikwenda, maombi ya wagonjwa yakachukua saa nzima kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi.

Ulipofika wimbo wa kufunga, wote wakasimama. Bibi Tupokigwe naye akasimama, blanketi likadondoka, nailoni ikalia kama kawaida yake. Nyuma yake, kuanzia kiunoni hadi magotini, gauni lake la kijivu lilikuwa limelowa.

Wimbo haukukatika. Ulipungua tu sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Faustina, katibu wa jumuiya, mama mwenye moyo mzuri, akafungua kitenge chake akamzungushia bibi kiunoni, akamnong'oneza, "Usijali, Mama. Ni umri."

"Umri gani?" Bibi Tupokigwe alisema, na hakunong'ona. "Sijakojoa mimi!"

Hakuna aliyecheka. Wote walisema hapana, hapana, Mama, nani kasema. Wakaimba ubeti wa mwisho wakitazama dari.

Lugano aliporudi saa kumi jioni alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, begi limefungwa, kilemba kimekazwa.

"Kesho narudi Rungwe."

"Magoti je, Mama?"

"Magoti yangu nitayaombea mwenyewe. Nyumbani kwangu nina kigoda. Kigoda hakijawahi kuniaibisha."

Eveline akamweleza mumewe kilichotokea, na safari hii hakushusha sauti. "Ni jasho! Mtu amekaa saa tatu na blanketi juu ya nailoni, jasho liende wapi? Mama yako amezeeka kwa heshima zake, leo jumuiya nzima inamfikiria mambo mengine. Kwa sababu ya nailoni yako!"

Lugano akaenda kwenye kochi la katikati, akapapasa. Juu kulikuwa na unyevu, hilo alilitegemea. Akaingiza kidole pembeni, kwenye mshono, akaiinua nailoni kidogo. Chini yake, upande wa kitambaa, kulikuwa na matone. Yamejipanga kama jasho la mtu, na kitambaa kilichofunikwa kikae kipya kilikuwa na madoa meusi ya ukungu.

"Nani amemwaga maji humu?"

"Nani atamwaga maji ndani ya nailoni iliyofungwa?" Eveline alisema. "Hayo ni ya siku nyingi. Mchana sebule inapata joto, usiku inapoa. Unyevu umo humo humo. Umeufungia."

Lugano aliendelea kuinama, mkono umeshika nailoni. Alikaa hivyo mpaka Eveline akaingiwa na wasiwasi.

"Baba Pendo?"

Alitoa daftari lake dogo kwenye mfuko wa ovaroli (nalo lilikuwa ndani ya nailoni) akatafuta ukurasa. Mara ya kwanza, kabla hajafunga chochote, sindano ilicheza dakika mbili. Baada ya tepu, dakika kumi. Baada ya raba na nailoni, dakika arobaini. Alikuwa ameziandika kwa mkono wake, zimepangwa moja chini ya nyingine, na kwa majuma matatu hakuwa amezisoma pamoja. Kila alipofunga zaidi, ndivyo ugonjwa ulivyokaa zaidi.

"Ni mimi," alisema. "Ile mvua nimeifungia mimi."

"Mvua gani tena?"

"Naomba mkasi."

Mkasi ulikuwa juu ya cherehani. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria chache, na ya kwanza ilikuwa hii: mkasi wa vitambaa wa Eveline haukati karatasi, haukati kamba, haukati nailoni, hata nyumba ikiungua. Lugano alinyoosha mkono, akakumbuka, akausitisha hewani.

Eveline aliuchukua mkasi mwenyewe akamwekea kiganjani. "Leo kata," alisema.

Alikata kuanzia mgongoni hadi miguuni. Nailoni ya miaka miwili ikatoka kwa mlio mmoja mrefu, na harufu ya ukungu ikajaa sebuleni. Kochi moja, la pili, la tatu. Bibi Tupokigwe aliangalia yote kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Ilipokwisha akaanza kulegeza kilemba, pole pole, kama mtu ambaye bado hajaamua.

*

Jumatatu saa moja asubuhi Lugano alikuwa mlangoni mwa ofisi ya Sedekia. Philbert alikuwemo, anakunywa kahawa.

"Injinia, naomba tuifungue soketi ya namba nne. Wewe ukiwepo."

"Jumatano inafunguliwa na atakayeifungua."

"Mpaka Jumatano itazidi kuoza. Ndege iko ndani tangu lini?"

"Tangu Jumanne," Philbert alijibu badala ya mkuu wake. "Haijaguswa na tone."

"Basi isipotoa maji," Lugano alisema, "nitashika mwavuli mpaka nistaafu, na sitafungua mdomo."

Katika miaka yote Sedekia hakuwahi kumsikia Lugano akiweka dau. Akaondoka kitini.

Walifungua kava ya injini. Lugano hakuigusa soketi. Alimpa Sedekia kisu na karatasi nyeupe ya kuweka chini. Sedekia akakata tepu, akakunjua nailoni, akakata raba. Ilikuwa kama kumenya kitunguu cha Ruaha Mbuyuni, na kama kitunguu, mwisho wake ulikuwa machozi. Tepu ya ndani kabisa ilipoachia, maji yakatoka. Hayakuzidi kijiko cha chai, lakini yalianguka yote pale pale kwenye karatasi, na kila mmoja aliyaona yakitanda. Pini za soketi zilikuwa na kutu ya kijani.

Philbert akapiga mluzi.

"Injini ikipata moto, hewa niliyoifungia humo inapata joto," Lugano alisema. "Ndege ikiingia mvuani inapoa ghafla, ile hewa inatoa maji, na maji hayana mlango. Ile mara ya kwanza yaliingia kidogo tu, yangetoka yenyewe. Mimi nikayazuia."

"Na yaliingiaje hiyo mara ya kwanza?"

"Waya unashuka kutoka juu moja kwa moja hadi kwenye soketi. Maji yanaufuata." Lugano akanyanyua mkono, kiganja juu, kana kwamba ameshika mwavuli. "Nimevusha abiria wiki nzima. Maji yananiingia hapa kiganjani, yanashuka mpaka kiwikoni, yanadondoka. Kwapani hayafiki, kwa sababu kiwiko kiko chini ya kwapa. Waya nao tuupe kiwiko. Ushuke chini ya soketi, halafu upande. Maji yataishia kwenye kona, yadondoke."

Sedekia aliitazama karatasi, akautazama mkono wa Lugano uliokuwa bado juu. Alikumbuka, bila kukumbushwa, maneno "umefunga kweli kweli". Akakohoa.

"Shusha mkono," alisema. "Tulete spiriti na brashi."

Walifanya kazi hadi mchana. Walisugua kutu, wakaikausha soketi kwa hewa ya moto, wakaijaza grisi ya silikoni ili maji yasipate nafasi ya kukaa. Walikunja waya ukapata kiwiko chake, wakaufunga usicheze. Juu ya soketi Lugano aliweka kofia moja tu, imeziba juu na pembeni, chini iko wazi. Mkono wake ulitaka kuziba na chini. Aliuona ukienda, akaurudisha.

"Sasa nani anasaini?" Philbert aliuliza.

"Nasaini mimi," Sedekia alisema. "Ila kanuni ya hapa mnaijua. Aliyegusa injini hupanda safari ya kwanza. Kesho mvua imetabiriwa mpaka Iringa, na Daktari Violet anatakiwa kuletwa."

Lugano aliijua vizuri. Kanuni ile ilikuwepo tangu mwanzo, na kwa miaka kumi na sita alikuwa ameikwepa kwa kusingizia uzito wa mizigo. Fundi anayeogopa kuruka si kioja kama unavyoweza kudhani. Anajua idadi ya nati zinazoweza kulegea. Lakini kwa ajili hiyo hakuwahi hata mara moja kuiona sindano yake ndani ya mvua. Alikuwa anasimuliwa tu.

"Kesho hakuna mizigo," Philbert alisema kwa upole. "Nimeangalia."

*

Eveline alimfungia chapati mbili kwenye kitambaa cha pamba. "Zisitoe jasho," alisema, na Lugano akacheka kwa mara ya kwanza katika siku nane.

Kicheko hicho kiliishia Makambako. Baada ya hapo wingu liliwameza, mvua ikaanza kupiga kioo kwa nguvu, na ndege ikayumba. Lugano alijishika magoti kwa mikono miwili. Alisali kwa Kinyakyusa, kwa kuwa ndiyo lugha aliyofundishwa kusalia, na macho ameyafumba.

"Fundi," Philbert alisema kwenye kipaza sauti. "Hapa chini ni Igowole, kwa wakwe zako. Ukitaka kushuka sema."

"Usinitanie, Kapteni."

"Basi fumbua macho. Nitazamie namba nne."

Lugano akafumbua. Sindano sita zilikuwa mbele yake. Aliitafuta ya nne akiwa ameshika pumzi, na hakuipata mara moja, maana ilikuwa imesimama sawa na wenzake. Alihesabu tena kutoka kushoto. Moja, mbili, tatu, nne. Haikupanda. Haikuanguka. Mvua ilinyesha dakika ishirini, ikazidi, ikapungua, ikazidi tena, na sindano ikabaki pale pale kama mtu aliyekwenda kazini. Furaha ilimjia Lugano taratibu kutoka tumboni, ikamfika machoni, akajifuta kwa mkono wa ovaroli na kusema ni ukungu wa kioo.

"Ndani hakuna ukungu," Philbert alisema, lakini hakumtazama.

Walishuka Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, mvua bado inanyesha. Daktari Violet alikuwa amesimama barazani na begi lake, uso wa mtu ambaye bado ana namba ya simu ya kituo cha mabasi. Lugano alishuka, akachukua mwavuli kwa mazoea, akamfuata.

"Kamwene, Daktari," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Wewe tena? Umekuja na hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Katika mvua hii?"

"Mvua hii, kutoka Makambako. Nilikuwa naitazama mwenyewe."

Daktari alimtazama magotini, ambako ovaroli ilikuwa na mikunjo ya mtu aliyejishika kwa hofu safari nzima, na nadhani hilo ndilo lililomshawishi. Alimpa begi.

"Mzee Ng'washi nimempigia," alisema wakitembea. "Mjukuu wake anamleta tena kesho asubuhi. Nimemwandika wa kwanza."

Saa saba walikuwa Mbeya, na sindano haikutikisika. Sedekia aliwangoja hangani. Hakutoa hotuba. Alivuta droo, akatoa muhuri ukiwa bado ndani ya mifuko yake miwili, akamkabidhi mwenyewe mkononi. Injinia wa Dar alikuwa ameshapigiwa simu asisumbuke. Lugano akatoa muhuri, akautia mfukoni, na mifuko akaitupa kwenye pipa.

*

Jioni, Bibi Tupokigwe alikuwa amekaa kwenye kochi la katikati. Begi lake lilikuwa limefunguliwa tangu juzi. Eveline alikuwa amesugua madoa ya ukungu kwa siku mbili mpaka yakabaki vivuli, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba makochi yale yalikuwa ya rangi ya maziwa yenye maua madogo ya kijani. Hakuna aliyekuwa ameyajua vizuri yale maua.

Lugano aliweka funguo mezani. Kando yake akaweka muhuri, mtupu.

Eveline aliutazama. Alipita nyuma ya mumewe, akamshika bega, akaenda kumimina chai.

"Ndaga fijo, mwanangu," Bibi Tupokigwe alisema, ingawa hakueleza anashukuru nini. Alinyoosha mkono kupokea kikombe, goti likamchoma, mkono ukatikisika. Chai nzima, yenye maziwa na tangawizi, ikamwagika kwenye kochi. Ikatambaa juu ya yale maua, ikaingia ndani ya kitambaa.

Eveline alisimama na birika mkononi. Bibi Tupokigwe akaanza kujiinua, uso umemshuka, anatafuta kitu cha kufutia.

Lugano alilitazama doa. Lilikuwa kubwa, na lilikuwa bado linakua.

"Kaa tu, Mama," alisema, akainuka kwenda kufungua dirisha. "Litakauka."